aria2: Programu ya Kushusha Faili Inayotufaa Watu wa Machimboni

Wenzangu wa ramani na picha za satelaiti, nimeifungua aria2 na bado moyo unanienda mbio!

Anayetafuta dhahabu kitaalamu huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Katoro na Nyarugusu, anaujua uzito wa faili tunazozihitaji. Picha moja ya Sentinel-2 inafunika kilomita 110 kwa 110 na hukaribia gigabaiti moja. Ukitaka kulinganisha kiangazi na masika kwa miaka kadhaa, hesabu inapaa. Intaneti yenyewe ni ya laini ya simu, inakuja na kukata. Umeme nao unaondoka, na kivinjari kinatangaza kwamba kazi imeshindikana ikiwa imefika asilimia 90. Bando limeliwa, faili hakuna.

Kwa aria2 uonevu huo umekwisha. Pembeni ya kila faili inayoshuka inaweka kijifaili chenye mwisho wa .aria2, na humo inatunza kumbukumbu ya vipande vilivyokwisha kuingia. Umeme ukirudi, rudia amri ileile, nayo inaendelea ilipoishia, mradi seva ya upande wa pili inakubali kutoa faili kwa vipande. Kilichonirusha kwenye kiti ni chaguo la -c: inaokota hata faili iliyokatikia kwenye kivinjari! Irudishie jina lake halisi, ipe aria2 kiungo kilekile, basi.

Halafu mipangilio yake, jamani! Kwa kawaida inajaribu mara 5 na kukata tamaa; andika --max-tries=0 na haitachoka. Kwa -x unaweza kufungua njia hadi 16 kwenye seva moja. Mimi naweka 4, maana seva za umma zinahudumia dunia nzima na ni haki tuziheshimu. Ofisi ina watu wengine? --max-overall-download-limit=300K inawaachia nafasi ya kutuma ujumbe na kufanya miamala. Na --checksum inahakiki kwamba faili imefika nzima, kabla hujaifungua kwenye QGIS na kukuta nusu ya Geita ni nyeusi.

Haina saa yake ya ndani, ni kweli. Lakini kwenye Linux, kipanga-ratiba cha cron kinaiamsha saa sita usiku kifurushi cha usiku kinapoanza, na --stop=18000 inaizima baada ya saa tano kamili. Bando la mchana haliguswi!

Asiyependa kuandika amri achukue Free Download Manager, ina vitufe na ratiba, au Motrix, ambayo ndani yake inaendeshwa na aria2 hiyohiyo. IDM ni nzuri, ila ni ya kulipia na ya Windows tu. JDownloader inategemea Java, na kwa laptopu zetu za mtumba huo ni mzigo. Aria2 inatosheka na megabaiti chache za kumbukumbu, ni ya bure, na inapanda hata kwenye simu ya Android kupitia Termux.

Leo usiku ni zamu ya picha za Landsat za ukanda mzima, Bulyanhulu hadi Geita. Viungo vyote viko kwenye faili moja ya maandishi, kila kimoja mstari wake, na aria2 itavisoma yenyewe kwa -i!