Swali Namba 0

Seva iliyokufa kabisa haimpi fundi taabu. Taabu huletwa na ile iliyokufa nusu. Taa zake za kijani zinawaka, ukiipiga pingi inaitika, jina lake bado limo katika orodha ya mashine zilizo hai, ila mhasibu wa ghorofa ya pili amekwama mbele ya jedwali lake tangu saa nne asubuhi. Faili anayoitaka iko upande wa pili wa waya. Hajaambiwa kwamba haipatikani. Hajajibiwa tu.

Nataka kuwasifu wale wanaoitambua hali hiyo kabla ya mhasibu kupiga simu.

Huduma inayomletea faili zake ni ya zamani. Sun Microsystems ya California iliitoa NFS mwaka 1984, na wazo lake halijachakaa hadi leo: diski iko kwenye mashine moja, na mashine nyingine zote zinaiona kana kwamba ni yao. Seva ya matoleo ya mwanzo haikumkumbuka mteja hata kidogo. Kila ombi lilijitosheleza, na mteja asipojibiwa alirudia ombi lile lile mpaka ajibiwe. Usahaulifu huo ukageuka neema pale seva mbili zilipofungwa pamoja katika klasta, ili moja ikianguka nyingine ishike diski zake na anwani yake. Mteja anarudia ombi, anajibiwa, wala hajui kwamba aliyemjibu si yule wa mwanzo. Kwake yeye huduma ilichelewa kidogo, basi.

Lakini ni nani anayeamua kwamba ile ya kwanza imeanguka? Ufundi wote uko hapo.

Itifaki ya RPC, ambayo NFS imejengwa juu yake, ina desturi moja ninayoipenda. Kila huduma ina kazi namba 0, nayo haifanyi lolote. Haisomi, haiandiki. Ukiiita inarudi mikono mitupu, na kule kurudi ndiko jibu. Kichunguzi cha klasta hupita mlango kwa mlango na swali hilo: rpcbind, mountd, nfsd, statd, lockd. Hizo mbili za mwisho hushughulikia kufuli za faili, na hutegemeana kiasi kwamba katika klasta za Sun moja ikifa zote mbili huanzishwa upya pamoja. Fundi mchanga akipata majibu matano hurudi kwenye chai yake. Aliyekomaa anajua kwamba namba 0 haigusi diski.

Kwa hiyo huongeza swali la pili: nenda kwenye saraka yenyewe, andika faili ndogo, isome, ifute. Swali hili lina hatari yake. Diski ikigoma, programu inayoigusa huingia katika hali ambayo Linux huionyesha kwa herufi D, usingizi usioamshika, na hata ishara namba 9, ile ya kuua bila kuuliza, haifui dafu. Kichunguzi nacho kikienda kuigusa diski hiyo hulala papo hapo, na klasta ikabaki inasubiri taarifa ya mlinzi aliyelala pamoja na anayelindwa. Ndiyo maana kichunguzi kizuri hakiendi chenyewe. Hutuma mtoto, hushika saa, na mtoto asiporudi katika sekunde alizopewa, huandika kwamba hakurudi na kuendelea na kazi. Nimesoma skripti nyingi za watu werevu ambao hawakulifikiria jambo hili. Zilifanya kazi siku zote isipokuwa siku zilipohitajika.

Kuna pia suala la subira. Toleo la nne la NFS, lililosanifiwa mwaka 2000 na kurekebishwa 2003, si sahaulifu tena: seva inakumbuka nani amefungua faili gani na nani ameshika kufuli. Huduma inapohamia mashine ya pili, seva hutoa muhula, ambao kwenye Linux kwa kawaida ni sekunde 90, wateja wa zamani wapate kudai kufuli zao. Maombi mapya yanangoja. Sasa kichunguzi kinachopita njia ya mteja, kikiwa na saa ya sekunde 30, kitahitimisha kwamba seva ya pili nayo ni mgonjwa. Kitairudisha huduma ilikotoka, na huko nako muhula utaanza upya. Nani kaua huduma hapo? Mlinzi mwenyewe, kwa bidii yake.

Huku kwetu, kati ya Bukavu na soko la Mudaka, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Kavumu, watu wanajua kukisoma kimya. Simu ya ndugu isipopatikana, hakuna anayetandika mikeka ya matanga. Pengine betri imeisha, pengine mnara umezimika. Mwaka 2025 vita vilipofika Goma mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, wenye busara waliuliza kwa jirani, wakauliza kwa dereva, wakauliza parokiani, kabla ya kulitamka neno zito. Mlinzi wa klasta anatakiwa awe na tabia hiyo hiyo.

Na umeme wetu humpa mazoezi. Unatoka mto Ruzizi: kituo cha kwanza ni cha enzi ya Wabelgiji, pale mto unapotoka ziwa Kivu, na cha pili, cha mwaka 1989, ni cha pamoja kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Delestaje, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni jambo la kila wiki. Chukua ofisi ya Mudaka yenye seva mbili kabatini, kila moja na betri zake, na katikati yao swichi ya mtandao ambayo mtu aliichomeka ukutani kwa kuwa betri zilikuwa na matundu machache. Umeme ukikatika, seva zote mbili ziko hai, swichi imekufa. Kila moja inasikia mwenzake amenyamaza. Kila moja inataka kuishika diski ya pamoja, na mfumo wa faili kama ext4 au XFS haukuundwa kuandikwa na mashine mbili kwa wakati mmoja. Utaharibika, na hautaharibika kwa kelele.

Dawa inayokubalika ni kwamba anayetaka kurithi lazima kwanza amzime mwenzake. Waingereza na Wamarekani wa fani hii wanaiita STONITH, kifupi cha mzaha unaohusu kumpiga mwenzio risasi kichwani. Hapa Kivu mzaha huo hauchekeshi, lakini kanuni ni sahihi. Kwa kawaida amri ya kuzima hupelekwa kwenye kijibao kidogo cha usimamizi kilicho ndani ya seva ile ile, nacho hujibu: nimeizima. Na hapo delestaje inaleta kitendawili. Kijibao kinakula umeme wa seva. Seva ikikosa umeme, nacho kimezimika, hakiwezi kujibu chochote. Ikawa mashine iliyokufa kweli ndiyo isiyoweza kuthibitishwa kwamba imekufa, na iliyo hai inasubiri, tena ina haki ya kusubiri.

Wenye fedha huweka tundu la umeme linaloamriwa kwa mbali, ili kuwe na shahidi wa pili. Wasio nazo hutegemea mtu. Programu ya Pacemaker ina amri ya kuthibitisha kwa mkono: fundi anaiambia klasta kwamba seva fulani imezimwa, na klasta inamwamini bila kudai ushahidi. Wapo wanaoiandika amri hiyo wakiwa nyumbani Bukavu, kwa kudhani, eti kijibao hakijibu. Kumbe waya wake wa mtandao ndio uliochomoka, na seva inaendelea kuandika.

Fundi ninayemsifu hupanda pikipiki mpaka Mudaka, hufungua kabati, huona taa zimezima, na bado hung'oa waya wa umeme nyuma ya mashine kabla ya kuandika amri. Anaung'oa kwa sababu SNEL, shirika la umeme, inaweza kurudisha umeme yeye akiwa bado anaitafuta kibodi.