Sifa za Kadi ya Rubani

Zipo kazi ambazo watu huzisifu kwa sababu matunda yake huonekana kutoka mbali, kama ile ya mjenzi wa minara au ya mchongaji wa milango ya Unguja. Na zipo nyingine ambazo, kwa kuwa uzuri wake ni kutomshughulisha mtu, hupita duniani bila ya yeyote kuuliza nani aliyezifanya. Katika kundi hili la pili naiweka kazi ya kutunga kadi ya rubani, yaani kile kipande cha karatasi ngumu kilichovikwa plastiki ili kistahimili jasho na chai iliyomwagika, kikaacho juu ya paja au katika mfuko wa shati, ambacho katika nafasi isiyozidi viganja viwili humkumbusha mwenye kurusha ndege maana ya kila alama katika taarifa ya hali ya hewa. Nadai kwamba hii ni sanaa kamili, tena ngumu, maana mtunzi wake huhukumiwa zaidi kwa aliyoyaacha kuliko kwa aliyoyaandika.

Taarifa yenyewe, ambayo marubani wa dunia nzima huiita METAR, haikutungwa ili ipendeze. Ililelewa katika zama za mashine za kupeleka maandishi kwa waya, ambapo kila herufi ilikuwa na muda wake na gharama yake, na kwa hiyo ilikonda hata ikabaki mifupa. Tuseme alfajiri moja ya mwezi wa Julai rubani aliyeko Dar es Salaam anakusudia kwenda Nairobi, naye anapewa maneno haya: HKJK 120300Z 04005KT 0800 FG BKN002 12/12 Q1022. Asiyefundishwa ataona mkorogo wa herufi na tarakimu. Aliyefundishwa ataona kiwanja cha Jomo Kenyatta, tarehe 12 ya mwezi, upepo dhaifu wa noti 5 utokao nyuzi 40, macho yasiyofika mbali zaidi ya mita 800, ukungu, na mawingu yaliyofunika baina ya sehemu tano na saba katika nane za mbingu, yakining'inia futi 200 tu juu ya kiwanja. Kisha atafika penye 12/12, ambapo joto la hewa na joto la umande ni sawasawa, naye atajua kwamba hewa imeshiba maji, na kwamba ukungu ule hauna sababu ya kuondoka mpaka jua au upepo uzitenganishe namba hizo mbili. Mwisho kabisa amepewa kanieneo ya hewa, hektopaskali 1022, ili arekebishe kipimo chake cha kimo.

Lakini aliyefundishwa naye husahau. Rubani anayekwenda na kurudi baina ya Mombasa, Unguja na Pemba huzoea mvua, radi na mawingu machache ya asubuhi, na anaweza kumaliza miaka asikutane na alama ya vumbi lipeperushwalo au ya ukungu ugandao kuwa barafu, mpaka siku moja anatumwa mbali, na alama ile ile aliyoijibu vizuri katika mtihani inamtazama kama mgeni. Kadi iliwekwa duniani kwa ajili ya saa hiyo. Haifundishi, maana wa kufundisha ni mwalimu na kitabu. Kazi yake ni kukumbusha, na mtunzi asiyeitambua tofauti hiyo huijaza kadi yake maarifa mengi kwa herufi ndogo kama chawa, hata msomaji akahitaji kwanza miwani na kisha wasaa, vitu viwili ambavyo ndani ya ndege inayotikisika havipatikani kwa urahisi.

Uamuzi wa kwanza wa mtunzi ni mpango. Anayefanya kazi mezani huvutiwa na utaratibu wa alfabeti, kwa kuwa kamusi zimemzoesha hivyo. Ilhali rubani hukutana na vipande vya taarifa kwa mfuatano usiobadilika, mahali, wakati, upepo, umbali wa kuona, hali, mawingu, joto, kanieneo, na kadi njema humfuata katika njia hiyo hiyo. Mfano bora ninaoujua umetoka Marekani. Tarehe 1 Julai 1996 nchi ile iliacha namna yake ya zamani ya kuandika taarifa za viwanja ikaingia katika METAR, na katika TAF, ambayo ni utabiri wa kiwanja, na kwa siku moja marubani waliozeeka katika ile ya kale wakawa wanafunzi upya. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya huko iliwatolea kadi ambayo juu yake pamewekwa utabiri mmoja na taarifa moja, vyote vya Pittsburgh, na chini yake jedwali la safu tatu: kushoto vipande vya utabiri, kulia vipande vya taarifa, na katikati maelezo yanayohudumia pande zote mbili. Hivyo upepo umeelezwa mara moja tu, na mawingu mara moja tu, na jicho huchagua lielekee upande gani. Tena taarifa waliyoichagua si ya siku ya jua: ina mvua ya radi, upepo wa vishindo, na umbali wa kuona wa robo tatu ya maili. Aliyefikiri hayo alikuwa fundi, na jina lake haliko kwenye kadi.

Baada ya mpango huja uaminifu, yaani kumwonya msomaji mahali ambapo alama inaonekana kusema jambo moja na kumbe inasema jingine. Upepo ulioandikwa katika taarifa hupimwa kutoka kaskazini ya kweli, ilhali upepo ule ule ukitamkwa na mnara wa kuongozea ndege huhesabiwa kwa kaskazini ya dira. Namba 9999 haina maana ya mita elfu tisa na ushei. Maana yake ni kilometa 10 au zaidi. Lililo kubwa kuliko yote, hasa kwa nchi zetu za nyanda za juu, ni kwamba urefu wa mawingu huhesabiwa kutoka kiwanjani wala si kutoka usawa wa bahari. Na kwa kuwa kiwanja cha Jomo Kenyatta kimekaa zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, mawingu yaliyoandikwa BKN010 rubani atakutana nayo pale kipimo chake kitakapoonyesha kama futi 6,300, na ole wake aliyekuwa akiyangojea kwenye 1,000. Maneno matatu ya kadi, "juu ya kiwanja", yanatosha kuliondoa kosa hilo, na mtunzi anayeyaacha ili apate nafasi ya kuchora nembo ya chama chake amefanya biashara mbaya.

Uaminifu huo huo ndio unaogawa wino. Herufi RA za mvua haziombi msaada kwa mtu aliyesoma Kiingereza shuleni, lakini BR ya ukungu mwepesi, FU ya moshi na GR ya mvua ya mawe zilitoka katika Kifaransa, na hizo ndizo zinazostahili herufi nene. Na juu ya wino kuna siri ambayo mtunzi wa mezani aghalabu haijui: marubani wengi huwasha usiku taa nyekundu ili macho yao yasipoteze mazoea ya giza, na chini ya taa hiyo maandishi mekundu hutoweka kana kwamba hayakuandikwa, hata onyo lililopakwa rangi ya hatari likawa ndilo la kwanza kupotea. Weusi juu ya weupe, basi.

Kwa marubani wetu kuna jambo ambalo kadi za ng'ambo hazina sababu ya kulishughulikia. Saa ya taarifa ni ya kimataifa, nayo hutanguliwa na saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Lakini sisi katika mazungumzo huhesabu tangu kupambazuka, na kwa hiyo ile 0300Z ya Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi, 0900Z ni saa sita mchana, na 1200Z ni saa tisa alasiri. Saa ya ukutani huongeza tatu, na saa ya ulimini mchana hupunguza tatu. Mstari mmoja wa kadi ungelimaliza jambo hilo, nami bado sijauona.

Wala haja hii si mpya katika bahari yetu. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliitunga elimu ya safari kwa tungo za rajaz, mojawapo mwaka 1462, na nyingine akaitungia Sofala na njia za pwani hii ya mashariki ya Afrika, kwa kuwa alijua kwamba mtu aliyeshika usukani usiku hana mkono wa kufungulia kitabu. Yeye alikikabidhi kinywa kile ambacho kadi hulikabidhi jicho.

Wapo wasemao kwamba sanaa hii imekwisha, maadamu simu sasa huifasiri taarifa yote kwa maneno kamili. Nakiri kwamba hufasiri. Lakini taarifa moja iliyofasiriwa huujaza uso wa simu, na rubani anayetaka kulinganisha Nairobi, Mombasa na Kilimanjaro hulazimika kupandisha na kushusha kidole hadi asahau ya kwanza ilisemaje, ambapo mistari mitatu ya alama ingemaliza shauri kwa mtazamo mmoja. Tena simu itamwambia kwamba joto ni 12 na umande ni 12, ikanyamaza, wakati kadi yenye tadbiri huongeza pembeni: tazama tofauti. Kwa hiyo nikiulizwa ipi niipendayo kuliko zote, nitaitaja ile ambayo mtunzi wake ameacha chini mistari michache mitupu, ili mwenyewe aandike kwa mkono wake kimo cha kiwanja cha nyumbani, na ule urefu wa mawingu ambao akiukuta umeshuka chini yake, atageuza ndege bila ya kujadiliana na mtu.