Kete Moja Katika Mraba wa Pili

Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kwamba namba hii ni tasa: 170141183460469231731687303715884105727. Ni 2 kwa kipeo cha 127, toa 1. Ina tarakimu 39, na hakukuwa na kompyuta ya kumsaidia.

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuipima hii kwa kujaribu vigawanyo kimoja baada ya kingine kungemfikisha kwenye namba za tarakimu 20. Umri wa mtu hautoshi. Lucas alipita kwingine. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, shika baki. Rudia.

Tuifuate njia hiyo kwenye namba ndogo, 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7, toa 1. Kutoka 3 tunapata 7, kisha 47, kisha 2207, ambayo ikigawanywa kwa 127 inabakiza 48. Kutoka 48 inabaki 16. Mara ya mwisho, 16 mara 16 ni 256. Toa 2, ni 254, yaani 127 mbili kamili. Baki ni sufuri, nayo imetokea nafasi ya sita (3 ikiwa ya kwanza), moja pungufu ya kipeo 7, pale pale inapotakiwa. Basi 127 ni tasa.

Kwa ile kubwa, sufuri hungojewa nafasi ya 126, baada ya hatua 125. Lucas alieleza namna ya kuzifanya juu ya ubao kama wa sataranji, wenye miraba 127 kila upande. Mraba wa kwanza kulia una thamani ya 1, wa pili 2, wa tatu 4, hivyo hivyo hadi mwisho; penye kete, thamani inahesabiwa. Ili kuzidisha, namba ile ile hupangwa mstari baada ya mstari, mmoja kwa kila kete, kila mmoja ukisogezwa kushoto kwa kadiri ya nafasi ya kete yake. Kete inayovuka ukingo wa kushoto huingia tena kulia, na kwa kuzunguka huko kugawanya kumekwisha kufanyika.

Kisha kete hukusanywa. Kete mbili za safuwima moja huondolewa, moja huwekwa safuwima ya kushoto, mpaka ubao mzima ubaki mstari mmoja. Hutolewa 2, na hatua inayofuata huanza.

Kete moja ikikosea mraba, yote yanayofuata huharibika. Lakini kazi hii hujikagua yenyewe: namba ikiwa tasa, kuzidisha kwa mwisho huacha kete moja tu, katika mraba wa pili. Thamani yake ni 2. Ukiitoa, ubao ni mtupu. Kosa haliwezi kufika hapo ila kwa bahati isiyotarajiwa.

Hadi 1951 hakuna aliyethibitisha namba tasa kubwa kuliko hiyo. Njia yenyewe, ikiwa imenyooshwa na mwanahisabati Derrick Henry Lehmer, ndiyo kompyuta zinayoitumia hata leo kuthibitisha namba tasa za aina hii.