Kushirikisha au Kushirikiana? Mgeni na Sanaa katika Makumbusho ya Nairobi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja ambalo wahakiki wa Kiswahili, kwa kushughulika mno na riwaya na tenzi, wamewaachia wengine. Mtu aingiapo katika maonyesho ya sanaa ya kisasa na kuambiwa kwamba yeye naye ni sehemu ya kazi iliyo mbele yake, je, huwa amepewa nini hasa? Mifano yetu mikuu yatoka katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yaliyo juu ya kilima penye mpaka wa Parklands na kati ya mji tangu 1930.

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Neno "maonyesho" latokana na kuonyesha, yaani kitenzi "ona" katika kauli ya kutendesha: yuko mmoja amfanyaye mwenziwe aone. Mwenye kuonyesha ndiye mtenda. Mwenye kuona hutendewa. Istilahi mpya ya "sanaa shirikishi" haikuiacha kauli hiyo, kwa kuwa mwenye kushirikisha ndiye bado aamuaye nani aingie, aguse nini, na kwa muda gani. Dai letu ni kwamba kazi ya aina hii ipimwe kwa jambo moja: je, imevuka kutoka kushirikisha na kufika kushirikiana, ambako kila upande humtenda mwenziwe? Kugusa peke yake si kipimo.

Historia ya sanaa hii ng'ambo yatuonya kuhusu jambo hilo. Mnamo 1971 msanii wa Kimarekani Robert Morris aliijaza Tate Gallery ya London mbao za kupandia, pembea na mapipa ya kubingirisha, akawaalika watu wavitumie kwa miili yao. Baada ya siku chache tu maonyesho yalifungwa, kwani vifaa viliharibika na baadhi ya watu waliumia. Wengi wamelisimulia tukio hili kama ushahidi kwamba umma haujui adabu ya sanaa. Mimi nalisoma kinyume. Watu wale walipewa vitu vya kuguswa, lakini hawakupewa nafasi ya kujibu. Na asiye na jibu la kutoa hubaki na nguvu za mikono tu. Naye Lygia Clark wa Brazili alitengeneza vipande vya bati vyenye bawaba ili kila mshikaji avikunje apendavyo. Leo vingi kati ya hivyo hukaa nyuma ya kioo katika majumba ya sanaa, na mwaliko wake umekuwa picha ya mwaliko.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo bora. Mtegaji asemapo "Kitendawili!" hawezi kuendelea mpaka aambiwe "Tega!" Akishatega, msikilizaji aweza kukifumbua na kuumaliza mchezo, asipoweza, hudaiwa mji, naye huutoa. Hapa ushiriki una kanuni, una hatari, na una matokeo. Bila jibu hakuna kitendawili. Ndiyo maana neno "hadhira" lafaa kuliko "watazamaji": asili yake ya Kiarabu yahusu kuwapo, wala si kutazama.

Kwa kipimo hicho, tukio muhimu la mwanzo katika makumbusho haya ni kuanzishwa kwa Kuona Trust mnamo 1995. Jina lake lasema kuona, lakini yaliyotendeka yalikuwa zaidi ya hayo. Wasanii walipewa mahali pa kufanyia kazi papo hapo makumbusho, kwa hiyo kazi iliweza kuonekana kabla haijakamilika, na mwenye kuifanya aliweza kuulizwa angali na brashi mkononi. Yaani kuonyesha kuligeuka kuonana. Kikundi hicho baadaye kilihamia kwingine, na pamoja nacho ikaondoka fursa ile.

Mfano wa pili ni maonyesho ya 2021 yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nchi za nje. Mradi huo uliwaunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa The Nest Collective na SHIFT, pamoja na makumbusho mawili ya Ujerumani, moja la Cologne na jingine la Frankfurt. Orodha yao ilipita vitu 32,000, vilivyo katika taasisi 30. Miongoni mwa yaliyowekwa mbele ya mgeni yalikuwa makabati ya kioo matupu. Hapakuwa na cha kugusa, wala hapakuwa na cha kutazama. Hata hivyo naona kwamba makabati hayo yalimdai mgeni kazi kubwa kuliko pembea za London. Kukumbusha nako ni kutendesha, lakini hakuwezekani iwapo anayekumbushwa hana kumbukumbu yake mwenyewe. Kabati tupu lilimlazimu kila mtu alijaze kwa alichosimuliwa kwao, au akiri kwamba hakusimuliwa kitu.

Chukua mfano wa ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyochukuliwa kutoka bonde la Mto Tana wakati wa utawala wa Waingereza na ambayo imehifadhiwa British Museum. Ngoma hukamilika inapopigwa na kuitikiwa. Mzee wa Kipokomo akisimama mbele ya kabati tupu atakuwa na mengi ya kusema juu yake kuliko kadi yoyote ya ghalani. Swali ni wapi maneno yake yataandikwa, na kwa lugha gani. Orodha za makumbusho hutegemea sana maelezo ya wakusanyaji, na wengi wao hawakujua lugha za wenye vitu. Orodha isiyoweza kusahihishwa na mwenye kitu humshirikisha tu; haishirikiani naye. Kitendawili kimetegwa vizuri, lakini jibu halijapewa pa kukaa.

Hapa ndipo idara zetu za lugha zinapohusika. Katika majumba mengi ya sanaa ya Nairobi maelezo ya ukutani huandikwa kwa Kiingereza, hata pale mgeni anapotakiwa aguse, ajibu, au aongeze lake. Mwaliko usioeleweka si mwaliko. Tusingoje kuombwa kutafsiri maandishi yaliyokwisha kukamilika, maana hapo tutakuwa tumefika baada ya mambo kuamuliwa. Wataalamu wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kenya wakae na wasanii tangu siku ya kwanza, ili swali lenyewe litungwe katika lugha ambayo hadhira yaweza kulijibu.