Hedi, Turbo na Pumzi ya Injini

Injini ya haibridi ninayoizungumzia hapa haina betri. Ni injini iliyounganishwa kutoka mbili: bloku ya Subaru EJ257 ya lita 2.5, iliyouzwa Marekani ndani ya Impreza WRX STI, na silinda hedi za EJ207 ya lita 2.0, injini ya STI za Japani. Zote ni za ukoo wa EJ, kwa hiyo boliti sita za kila hedi zinaingia bila ubishi. Kuingia kwa boliti ndiyo sehemu rahisi, na gereji nyingi huishia hapo. Ninaowaheshimu ni mafundi wachache ambao, boliti zikishaingia, huzifungua tena wakaanza kupima.

Kwanza tuone kwa nini mtu ajisumbue. Silinda ya EJ207 ina kipenyo cha milimita 92, na pistoni yake hupanda milimita 75. EJ257 ni 99.5 kwa 79. Injini ndogo huruhusiwa kufika mizunguko 8,000 kwa dakika. Kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, lita 2.0 kwa mwendo huo humeza takriban lita 8,000 za hewa kwa dakika. Lita 2.5 humeza kiasi hichohicho ikiwa kwenye 6,500 tu. Bloku kubwa basi hushiba mapema, nazo hedi za Japani, kwa kamshafti na springi zake zilizotengenezwa kwa mwendo mkali, huiruhusu iendelee kupumua pale ambapo ingeanza kuishiwa.

Lakini kuna mpaka. Pistoni ya EJ207 kwenye 8,000 hukimbia wastani wa mita 20 kwa sekunde. Pistoni ya EJ257, kwa kuwa ina safari ndefu zaidi, hufikia kasi hiyo kwenye 7,600. Tena pistoni za kiwandani za EJ257 ni za kumiminwa, na kingo zinazoshika ringi zinajulikana kwa kuvunjika. Fundi makini huanza na pistoni za kufuliwa, kisha huweka mwisho wa mizunguko chini ya 7,600, hata mteja akinuna.

Sasa hedi yenyewe. Chemba yake ilichongwa kwa silinda ya milimita 92. Ukiilaza juu ya silinda ya 99.5, inabaki pete bapa ya chuma, karibu milimita 4 kuzunguka pande zote, inayoning'inia juu ya pistoni. Pete hiyo ina faida: pistoni ikifika juu huibana hewa na mafuta kuelekea katikati, kwenye plagi, yaungue haraka. Ina hatari pia, kwa sababu ukingo mkali hushika joto na kuwasha mafuta kabla ya cheche. Nilimtazama fundi mmoja wa Industrial Area, Nairobi, akiulainisha ukingo huo kwa jiwe dogo la kusagia, akipitisha kidole kila baada ya muda mfupi, akirudi palepale. Hakuondoa chuma kingi. Alikuwa anaondoa ncha tu.

Kisha alitoa bureti, ileile ya maabara ya kemia. Aligeuza hedi chali, akapaka grisi kuizunguka chemba, akaifunika kwa kioo cha plastiki chenye tundu, akaanza kudondosha kimiminika mpaka kiputo cha mwisho kikatoka. Akaandika mililita ubaoni. Akarudia kwenye chemba zote nne, na iliyozidi wenzake kidogo akaipima upya. Hapa kila mililita ina bei. Silinda moja ya EJ257 ina ujazo wa mililita 614. Nafasi inayobaki juu pistoni ikifika kileleni ikiwa 85, mgandamizo ni 8.2 kwa 1. Hedi yenye chemba ndogo ikila mililita 5, mgandamizo unaruka hadi karibu 8.7. Mtu asiyepima huligundua hilo barabarani, injini ikishaanza kugonga.

Turbo huchaguliwa baada ya hapo, wala si kabla. Kila turbo nzuri huja na ramani inayoonyesha wingi wa hewa na mara ngapi turbo inazidisha shinikizo lake, na katikati yake kuna eneo ambalo turbo hufanya kazi bila kuipasha hewa joto la bure. Na hapa Nairobi ina neno lake. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Ukitaka kilopaskali 200 ndani ya manifoldi, turbo iliyoko Mombasa inazidisha shinikizo mara mbili, ya Nairobi zaidi ya mara 2.4. Kwa turbo ndogo, tofauti hiyo inatosha kuisukuma nje ya eneo lake zuri: magurudumu yake ya ndani yanazunguka kupita kiasi na hewa inatoka moto. Kwa hiyo ushauri uliotoka kwa mtu anayeishi usawa wa bahari, hata akiwa bingwa, lazima upigiwe hesabu upya.

STI za Japani za katikati ya miaka ya 2000 zilikuja na turbo ya IHI VF37, yenye njia mbili za moshi. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4, hivyo moshi wa 1 na 2 hupita njia moja, wa 3 na 4 njia nyingine, na hakuna mpigo unaomzuia mwenzake. Turbo huamka mapema kweli. Gharama yake ni sauti: ule mngurumo wa Subaru, ambao Kenya tumeupenda tangu Colin McRae na Richard Burns waishinde Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997 na 2000, hutokana na mabomba ya urefu usiolingana, nao hapa hupotea. Mimi ningeuacha mngurumo upotee. Ila VF37 yenyewe ningeiacha pia kwenye lita 2.5: kwenye mizunguko mingi moshi hukosa pa kupitia, ukarudi kuibana injini. Ningebaki na njia mbili, nikaweka turbo kubwa zaidi.

Fundi yule humuuliza kila mteja gari litaishi wapi na litapita barabara gani. Gari lililopangwa Nairobi kwa bar 1 juu ya hewa ya nje lina kilopaskali 182 ndani ya manifoldi. Likishuka Mombasa na mpangilio uleule ni 201, tena kwenye joto la pwani. Mteja wa injini ile alijibu kwamba hushuka pwani mara kwa mara. Fundi akaagiza pistoni zenye kishimo kirefu zaidi juu, zirudishe mililita ambazo hedi ilikuwa imekula, mgandamizo ukabaki 8.2.