"Restricted" na Marufuku: Msamiati wa Habari za Filamu ya Rafiki

Yadaiwa mara kwa mara na walimu wa lugha mjini Nairobi kwamba mwanafunzi atakaye kuupanua msamiati wake wa Kiingereza hana budi kusoma magazeti, na kwamba habari za ugomvi humvuta kuliko habari za kilimo. Miongoni mwa habari za ugomvi, zile zihusuzo siasa za filamu zina mvuto wa pekee, kwani ndani yake hukutana mahakama, dini, serikali na vijana. Dai hilo si la kupuuzwa. Yafaa, hata hivyo, lipimwe kwa mfano mmoja uliokamilika, nao ni habari zilizoandikwa juu ya filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, tangu Aprili 2018 hadi Aprili 2020.

Mambo yenyewe yanajulikana. Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilizuia filamu hiyo isionyeshwe wala kusambazwa nchini. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kupata nafasi katika orodha rasmi ya tamasha hilo. Septemba mwaka huo huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alilisimamisha zuio kwa siku 7, kwa ajili ya watu wazima waliotaka kuitazama kwa hiari yao, na watu wakajazana katika sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, hata maonyesho yakaongezwa. Aprili 2020 Mahakama Kuu hiyo hiyo, mbele ya jaji mwingine, ilikubaliana na Bodi.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni "restricted". Kamusi yoyote itamwambia mwanafunzi kwamba kitu cha namna hiyo kimewekewa mipaka. Si kwamba kimekatazwa kabisa. Nchini Marekani herufi R inayobandikwa kwenye tangazo la filamu ni kifupisho cha neno hilo, na maana yake ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 17 sharti aandamane na mzazi au mlezi. Lakini katika lugha ya Bodi neno hilo lina kazi nyingine. Januari 2014, filamu ya The Wolf of Wall Street ilipofika Kenya, Bodi ilitangaza kwa neno lilo hilo kwamba hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyeruhusiwa kuionyesha, kuiuza au kuisambaza. Basi filamu moja ilibeba neno moja katika nchi mbili: kule kijana aliingia akiongozwa na babu yake, huku babu mwenyewe alizuiwa mlangoni. (Kwamba nakala zake ziliuzwa kwa siri katika vichochoro vya jiji ni habari nyingine.) Mwandishi wa habari wa Kiswahili hakuyumbishwa na jambo hili. Aliandika kwamba filamu "imepigwa marufuku", na kwa kuandika hivyo alisema kweli kuliko tangazo la Kiingereza alilokuwa akilifasiri. Mwanafunzi aliyesoma habari zote mbili kwa pamoja alijifunza neno, na tena alijifunza jinsi ofisi inavyoweza kulipaka neno hilo mafuta. Aliyesoma Kiingereza peke yake alijifunza nusu, na nusu hiyo ingemponza siku atakapolitumia mahali pengine.

Hali kadhalika jina la Bodi yenyewe. Zamani liliitaja wazi kazi ya kudhibiti. Baadaye likabadilishwa, likawa la kuainisha. Sheria inayoipa Bodi nguvu, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya Uhuru, na kubadilika kwa jina hakukuiondolea nguvu ya kukataza. Kuainisha, kwa Kiswahili, ni kuviweka vitu katika aina zake. Kitu kilichofungiwa ghalani hakikuainishwa.

Palipo na utata mkubwa zaidi ni katika kitenzi "promote". Shtaka la Bodi lilikuwa kwamba filamu ilikusudia kufanya hivyo juu ya mapenzi ya wanawake wawili. Mwanafunzi wa Nairobi amelizoea neno hili tangu shule ya msingi, mtoto anapopandishwa darasa, na baadaye mtu anapopandishwa cheo. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachoweza kubeba mzigo huo wote. Mfasiri hulazimika kuchagua: kukuza, kueneza, kuhimiza, au kuchochea. Kila chaguo ni hukumu. Kukuza huambatana kwa kawaida na mambo mema, kama vipaji na lugha. Kueneza huhitaji kitu kitoke hapa kifike pale. Kuchochea huhitaji moto uliokwisha kuwashwa. Kitenzi cha Kiingereza kiliwaruhusu washtaki wasiseme ni lipi kati ya hayo walilolikusudia.

Filamu ikitazamwa yenyewe, ugumu wa shtaka hilo waonekana. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja cha bunge la kaunti, wanapigwa na umati. Mmoja anaombewa kama mwenye pepo, mwingine anapelekwa London. Huko ni kuhimiza kwa namna gani? Kilichowaudhi wakaguzi, kama Kahiu alivyoeleza hadharani, ni mwisho wake wenye matumaini, ambao walitaka ubadilishwe: mkono wa mtu aliyerejea unaowekwa begani. Upungufu wa kweli wa filamu uko kwingine kabisa. Uhasama wa baba hao wawili, uliotayarishwa vizuri mwanzoni, unaachwa njiani bila kutumiwa, na siasa inabaki mabango ukutani.

Jina la filamu nalo lastahili uangalifu ambao habari hazikulipa. Kahiu alieleza kwamba wapenzi wa jinsia moja hutambulishana mbele ya watu kwa neno hilo tu, rafiki. Magazeti, kwa upande wao, yalitumia neno ushoga. Mwambao wa Pwani shoga ni mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenziwe, na mama huitana hivyo barazani bila fedheha. Maana ile nyingine huhusishwa na mwanamume. Kwa hiyo habari ziliwahukumu wasichana wawili kwa neno ambalo, katika moja ya maana zake za Pwani, lasema lile lile lisemwalo na jina la filamu. Hadithi fupi iliyozaa filamu hii, Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, nayo imepewa jina la mti tu, mzambarau.

Limebaki neno moja dogo, kuteuliwa. Zile siku 7 za mahakama zilitolewa ili Rafiki itimize sharti la kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Kamati ya Kenya ilichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, na habari zikasema kwamba imeteuliwa. Mapema mwaka huo, Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani iliyopigwa Kenya, nayo iliteuliwa. Ya pili ilifika katika orodha ya mwisho ya wanaoshindania tuzo; ya kwanza ilipelekwa tu na nchi yake, na haikufika huko. Kiingereza kina maneno mawili kwa hatua hizi mbili. Msomaji wa Kiswahili aliachwa akiamini kwamba Kenya imepata mara mbili heshima iliyopatikana mara moja, tena na Wajerumani.