Moto na Mwenye Kuuamuru: Sanamu za Flaming Lotus Girls

Kundi lijiitalo Flaming Lotus Girls, yaani wasichana wa yungiyungi liwakalo moto, lilianzishwa mwaka 2000 katika mji wa San Francisco, Marekani. Kazi yake ni kuunda sanamu kubwa za chuma zitoazo moto. Ijapokuwa jina ni la wasichana, wanaume pia wamo. Wala asiyejua kazi hafukuzwi, bali hufundishwa kukata chuma, kukichomelea na kuunga mabomba ya gesi. Wote hujitolea. Sanamu zao zilizo mashuhuri zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mkusanyiko wa Burning Man, ambao tangu mwaka 1990 umefanywa katika jangwa la Black Rock, Nevada, mahali palipokuwa ziwa zamani na sasa ni uwanda wa vumbi jeupe la magadi.

Wengi wazisifuo sanamu hizo husifu ukubwa wake na mshindo wa moto wake. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Ghala la mafuta likishika moto nalo ni kubwa na lina mshindo. Jambo la kupimwa ni kama moto huo una kazi katika maana ya sanamu, na kama yule aufunguaye ana haki ya kuufungua.

The Serpent Mother, kazi ya mwaka 2006, ni kiunzi cha mifupa ya nyoka chenye urefu wa futi 168, yapata mita 51, kilichojikunja kulizunguka yai. Jina lake lafaa kufasiriwa Nyoka Mama, si Mama wa Nyoka, maana mama ndiye nyoka mwenyewe, na mwana hajatoka bado. Waundaji walifanya vema kuchagua mifupa. Mwili wenye ngozi ungekuwa ukuta tu, na moto ungeonekana umepachikwa juu yake. Lakini mifupa huacha nafasi, mtu akaingia ndani ya mzingo hata akasimama karibu na yai, na moto ukatoka penye pingili za uti wa mgongo kana kwamba ndio nyama iliyobaki. Kichwa na mataya huendeshwa kwa mashine za haidroli. Mchana, gesi ikiwa imefungwa, sanamu haipotezi kitu. Ni kiunzi kikavu katika nchi kavu.

Umbo hilo lawafaa pia waundaji walio wengi na wasiolingana kwa ujuzi. Mhakiki atafutaye mkono wa mtu mmoja hatauona, na wachunguzi wa nyimbo za ngoma zisizo na mtunzi mmoja hawatashangaa. Nyoka hugawanyika kwa pingili, na pingili moja yaweza kupewa mwanafunzi wa juzi pasipo kuliharibu zima.

Ama moto wenyewe, yafaa kujua jinsi utokavyo, kwa kuwa mwendo wa sanamu watokana na hayo. Propeni hukaa mtungini ikiwa kimiminiko kilichoshindiliwa; ikitoka hugeuka mvuke, na kugeuka huko hupoza mtungi hata ukafanya sakitu, na nguvu ya gesi ikapungua. Ili kupata ndimi kubwa, mvuke hukusanywa kwanza katika chombo, kisha vali ya umeme hufunguka ghafla, na mvuke wote hupita penye mwali mdogo uwakao daima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutambaa chini, ndiyo sababu kazi hii haikubali walinzi wazembe. Basi pumzi ya nyoka ina kipimo: ikiisha kuvuma, sharti ingoje. Kungoja huko ndiko kuipako sanamu uhai, kuliko hata ukubwa wa ndimi.

Hata hivyo ina kasoro moja, nayo si ndogo. Watazamaji hupewa vitufe, na abonyezaye ndiye atoaye moto. Mama alindaye yai hutoa moto kwa hasira yake au kwa hofu yake. Ukali wa mfano wote umo humo. Mpita njia akibonyeza na moto ukatoka, ukali ule si wa mama tena. Yule aliyepaswa kuogopa ndiye aamuruye, na nyoka amekuwa punda. Itasemwa kwamba mkusanyiko ule hautaki watu wa kutazama tu, bali kila mtu ashiriki. Hoja hiyo yaeleza desturi ya mahali, haiiponyi sanamu.

Katika Soma, kazi ya mwaka 2009, kitufe kimepata mahali pake. Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo hudhani anaamriwa. Kumbe ni neno la Kiyunani, maana yake mwili, nalo wataalamu hulitumia kwa sehemu ya chembe ya neva yenye kiini. Sanamu yaonyesha chembe mbili za namna hiyo zikipelekeana habari, vitu visivyoonekana kwa jicho vikiwa vimekuzwa kupita kimo cha mtu. Chembe ya neva aghalabu husubiri kuamshwa na habari itokayo nje yake. Kwa hiyo mkono wa mgeni hauvunji maana bali waitimiza. Moto hapa ni ujumbe, na ujumbe waweza kutumwa na yeyote.

Lakini kwa umbo Soma imepungukiwa pale pale ambapo nyoka amejaaliwa. Si wengi wajuao sura ya neva. Aliyesimama mbele yake usiku bila kuambiwa aweza kudhani kwamba ni miti miwili, au nyota, akafurahia ndimi za moto zipitazo na asijue kwamba ameona mazungumzo. Mama na yai lake hawakuhitaji maelezo hayo.